Kupima Mkondo na Volteji Katika Pwani ya Chumvi

Kisa kinachoelezwa hapa si cha mtu mmoja. Mafundi wa umeme wa Tanga, Pangani na vijiji vya ufukweni wanakifahamu kwa sura mbalimbali, na yeyote aliyewahi kubeba mita ya umeme katika pwani hiyo atakitambua.

Mama mmoja muuza samaki ana friza katika kibanda chake cha biashara, hatua chache kutoka nyumba anamoishi. Kwa miezi mingi friza hiyo imegandisha barafu bila taabu. Kisha, hasa nyakati za jioni, inaanza kukataa. Hutoa mvumo mzito kwa sekunde chache, hunyamaza ghafla, na baada ya dakika kadhaa huvuma tena. Kukicha, vibua na changu waliotiwa barafu usiku wamelainika, na faida ya siku mbili imeyeyuka pamoja na maji yake.

Fundi anaitwa. Anachomoa plagi ya friza, anaingiza ncha mbili za mita katika soketi, anasoma: volti 230.

"Umeme umejaa, mama," asema. "Kilichokufa ni kompresa."

Bei ya kompresa si kitu kidogo kwa mwenye kibanda. Kabla ya kutoa fedha, mama anawaomba vijana wambebee friza hadi nyumba ya jirani. Huko inaanza mara moja na kukoroma vizuri usiku kucha. Asubuhi anarudi kwa fundi: "Mwanangu, maiti yako imefufukia kwa jirani." Fundi anapima soketi ya kibanda kwa mara ya pili. Volti 230.

Fundi huyu hakudanganya, wala mita yake haikuwa mbovu. Volti 230 zilikuwapo kweli katika soketi ile. Lakini alizipima wakati hakuna mkondo wowote uliokuwa ukipita, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Ili kuona namna lilivyojificha, yafaa kurudi kwenye maana ya vitu viwili vinavyopimwa, yaani mkondo na volteji, na namna kila kimoja kinavyopimwa.

Maporomoko na nyaya

Wakazi wa Tanga wanao mfano mzuri mbele ya macho yao. Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru na kupita katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hushuka kwa kishindo karibu na Hale kabla ya kufika baharini. Katika miaka ya 1930 kituo cha kwanza cha kufua umeme kilijengwa katika maporomoko hayo ili kuuhudumia mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Kituo cha Hale kilifuata mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, na mwaka 1995 kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilichukua nafasi ya kile cha kale.

Katika kituo hicho kipya maji huanguka kimo cha meta zipatazo 170, na mitambo yote ikifanya kazi hupita meta za ujazo 45 kila sekunde. Kimo cha anguko ni jambo moja, na wingi wa maji yanayopita ni jambo jingine. Nguvu ya kituo hutokana na kuzidishwa kwa hayo mawili. Hale, ambako mto ni ule ule lakini anguko ni fupi zaidi, uwezo wake ni mdogo zaidi. Volteji ni kama kimo cha anguko: ni tofauti iliyopo kati ya sehemu mbili, na hupimwa kwa volti. Mkondo ni kama wingi wa maji yanayopita mahali fulani kwa sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Ampea moja ni kupita kwa elektroni bilioni 6.24 mara bilioni moja katika kila sekunde. Tangu Mei 2019 kizio hicho kimefafanuliwa rasmi kwa kuhesabu chaji ya elektroni, mahali pa ufafanuzi wa zamani uliotegemea mvutano wa nyaya mbili.

Mfano wa maji una mpaka wake, na walimu wengi husahau kuutaja. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, umeme haumwagiki. Husimama kila mahali katika mzunguko mzima kwa mara moja, na volteji yote hukusanyika kwenye ncha mbili za mkato. Atakayezigusa ncha hizo atajua mara moja zilipo.

Kinachounganisha volteji na mkondo ni ukinzani, yaani jinsi waya au chombo kinavyouzuia umeme kupita. Mjerumani Georg Simon Ohm alitangaza uhusiano huo mwaka 1827: katika kipitishi cha kawaida kisichobadilika joto, volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Volti 230 zikisukuma umeme katika ukinzani wa ohmu 23, hupita ampea 10. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua kanuni hii. Anachokikosa mara nyingi ni kutambua kwamba kanuni hii huihusu pia mita aliyoishika mkononi.

Kukata njia na kusimama kando

Amita hupima kinachopita, kwa hiyo umeme wote unaopimwa hauna budi kupita ndani yake. Mzunguko hukatwa mahali pamoja na amita hutiwa kwenye pengo hilo, katika mfuatano na vyombo vingine. Kwa kuwa sasa imekuwa sehemu ya njia, amita yenyewe isipokuwa na ukinzani mdogo sana itaupunguza ule mkondo iliotumwa kuupima. Amita iliyo njema ni ile ambayo mzunguko haujui kwamba ipo.

Voltimita kazi yake ni kinyume chake. Yenyewe hupima tofauti kati ya sehemu mbili, basi husimama kando, ncha moja ikigusa huku na nyingine kule, sambamba na chombo kinachopimwa. Njia haikatwi. Lakini kwa kuwa imefungua njia ya pili ya umeme, haina budi iwe na ukinzani mkubwa sana, la sivyo itajinyweshea mkondo wake yenyewe na kuishusha ile volteji.

Ajabu ni kwamba ndani ya vyombo hivi viwili vya zamani mlikuwa na kitu kile kile. Mwaka 1820 Mdenmarki Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliokuwa ukipitisha umeme. Kutokana na ugunduzi huo zilitokea galvanomita, ambamo koili nyepesi ya waya mwembamba huning'inizwa kati ya ncha za sumaku, na mkondo ukipita koili hujizungusha na kuisukuma sindano juu ya mistari. Chukuliwe galvanomita ambayo sindano yake hufika mwisho kwa mkondo wa milliampea 1, na koili yake ina ohmu 100. Ili ipime hadi volti 10, huunganishwa kwa mfuatano na kinzani cha ohmu 9,900, na jumla huwa 10,000. Ili ipime hadi ampea 1, huwekewa kando yake kipande cha waya mnene chenye takriban sehemu moja ya kumi ya ohmu, kiitwacho shanti, ambacho hubeba milliampea 999 na kuiachia koili ile moja tu inayoimudu. Koili ile ile, kwa mavazi mawili tofauti, huwa voltimita au amita.

Mwaka 1923 mhandisi wa posta ya Uingereza, Donald Macadie, aliyechoshwa na kubeba vyombo vingi kazini, alivikusanya vyote katika sanduku moja lenye swichi. Chombo hicho kiliitwa AVO, kwa herufi za mwanzo za ampea, volti na ohmu. Modeli yake ya 8, iliyoanza kuuzwa mwaka 1951, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2008, na masanduku yake mazito meusi yalijaa katika karakana na maabara za nchi nyingi.

Urahisi huo wa kugeuza swichi umeleta msiba wake. Fundi akipima mkondo, huhamisha waya mwekundu kwenye tundu la ampea. Kesho yake akisahau kuurudisha, akapeleka ncha zile zile kwenye soketi ili apime volteji, anakuwa ameweka kati ya laivu na nyutro kitu chenye ukinzani wa, tuseme, sehemu tano za mia za ohmu. Kanuni ya Ohm yadai ampea 4,600. Nyaya za nyumba na transfoma ya mtaa, zenye ukinzani wao, hazitaruhusu zote hizo, lakini mamia yanayobaki yatosha kuyeyusha ncha za mita na kurusha cheche za shaba usoni. Mita nzuri ina fyuzi maalumu ndani kwa ajili ya ajali hiyo. Fundi anayeiondoa fyuzi hiyo ikiungua na kuweka kipande cha waya mahali pake ameondoa kitu pekee kilichokuwa kati yake na transfoma.

Kwa upande wa voltimita, kosa huwa la kimya zaidi. Chukuliwe vinzani viwili vya ohmu 100,000 kila kimoja, vilivyofuatana kwenye betri ya volti 12. Kila kimoja kina volti 6. Mwanafunzi akitumia mita ya sindano yenye ohmu 20,000 kwa kila volti, akiiweka kwenye kipimo cha volti 10, mita yake ina ohmu 200,000. Iliposimama kando ya kinzani kimoja, viwili hivyo pamoja vikawa sawa na ohmu 66,700 hivi, na sindano ikasimama kwenye 4.8. Akihamisha mita kwenye kinzani cha pili atasoma tena 4.8. Volti 2.4 zimepotea, na mwanafunzi mwaminifu atatafuta kosa katika betri, katika waya, na mwishowe katika kitabu, ilhali mita ndiyo iliyozila.

Mita za tarakimu za siku hizi zina ukinzani wa ndani wa ohmu milioni 10 kwa kawaida, na kosa hilo limepungua mno. Lakini zimeleta jingine. Zina ukinzani mkubwa kiasi kwamba waya uliokatika, ukipita sambamba na waya wenye umeme katika bomba moja, huonyesha volti 60, 90, hata zaidi, kwa chaji chache tu zinazovuka hewani. Ni volteji ya kivuli: ukiwasha hata balbu ndogo, hutoweka. Mafundi wazee waliozoea mita za sindano hawakuona vivuli hivyo, kwa sababu mita zao zilikula kiasi cha kutosha kuvifukuza. Kuna siku ambapo chombo duni kilikuwa mwalimu bora.

Kiungo chini ya makuti

Turejee kibandani. Umeme wa kibanda kile ulivutwa kutoka nyumba kubwa. Waya wa shaba uliotoka kwenye bodi ya fyuzi haukutosha, basi aliyeufunga alichukua kipande cha waya wa alumini, akausokota na ule wa shaba, akauzungushia utepe, na kuuacha chini ya upenuni, upande unaoelekea bahari, juu yake paa la makuti.

Kwa kurahisisha hesabu, na ichukuliwe kwamba kiungo hicho, baada ya misimu miwili ya kusi na kaskazi, kimepata ukinzani wa ohmu 10. Fundi alipopima soketi bila friza, mkondo pekee uliopita ulikuwa ule wa mita yake, ambao ni mdogo kuliko wa kutajika. Ohmu 10 mara karibu sifuri ni karibu sifuri. Kiungo hakikuzuia chochote kwa sababu hakukuwa na chochote cha kuzuia, na volti zote 230 zikafika sokoni mwa mita.

Mota ya kompresa ya friza ya kawaida, ikiwa inakimbia, hutumia ampea 1 hivi. Kwa mkondo huo kiungo hupoteza volti 10, na mota hupata 220, isijali. Lakini mota inapoanza, kabla haijazunguka, hutaka mkondo mara nyingi zaidi: katika mfano huu ampea 8 kama ingepewa volti 230 kamili. Kiungo kikiwa njiani, mkondo huo hauwezi kuzidi ampea 6 hivi. Ampea 6 mara ohmu 10 ni volti 60. Mota inaachiwa 170. (Mwanafunzi wa juu atasema, na ni kweli, kwamba katika mota volti hizo hazijumlishwi kwa hesabu nyepesi namna hiyo, kwa kuwa mkondo wake huchelewa nyuma ya volteji, tofauti hiyo haigeuzi shabaha ya hoja.) Nguvu ya mota ya kujizungusha hupungua kwa mraba wa volteji, basi kwa volti 170 imebakiwa na kidogo zaidi ya nusu ya nguvu yake. Gesi iliyobanwa ndani ya kompresa haisukumiki. Mota husimama ikivuma mpaka kinga yake ya joto ikate umeme, ipoe, na kujaribu tena. Huo ndio mvumo aliousikia mama. Ama jioni, mtaa mzima unapowasha taa na majiko, volti zenyewe zinazofika kutoka nguzoni hupungua kidogo, na kilichotosha kwa shida asubuhi hakitoshi tena.

Kompresa hufa kweli kwa namna hii, baada ya wiki nyingi za kujaribu. Fundi atakayeibadili bila kugusa kiungo atakuwa ameuza ya pili ili ife kwa ugonjwa wa ya kwanza.

Lakini samaki na kompresa ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Mkondo unaopita katika ukinzani hutoa joto lililo sawa na mraba wa mkondo mara ukinzani. Ampea 6, mara 6, mara ohmu 10, ni wati 360, yaani zaidi ya joto la globu tatu za zamani za wati 100, zote zimekusanywa katika kitu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ndani ya utepe wa plastiki, chini ya makuti makavu. Kila mvumo wa friza ulikuwa sekunde kadhaa za kukipasha moto kiungo hicho. Na fyuzi haikukatika, wala isingekatika, kwa kuwa fyuzi ya ampea 13 hailioni kosa lolote katika ampea 6. Fyuzi hulinda waya dhidi ya mkondo uliozidi. Dhidi ya kiungo kibovu kinachopitisha mkondo wa kawaida, haina habari.

Kipimo kilichohitajika ni chepesi. Friza iachwe imechomekwa, ijaribu kuanza, na volteji isomwe wakati ule ule wa mvumo: kwanza kwenye bodi ya nyumba kubwa, kisha kwenye soketi ya kibanda. Kule ilikuwa 230, huku 170. Volti 60 zimepotelea njiani. Halafu, kwa fundi mwenye sifa na vifaa vya kujikinga, ncha mbili za mita huwekwa huku na huku ya kiungo kinachoshukiwa. Kiungo kizima husoma sehemu ndogo ya volti. Hiki kilisoma 60. Ni vizuri kuongeza hapa kwamba kazi hii, yenye umeme wa nyumbani ulio hai, si ya mwanafunzi wala ya mwenye nyumba mwenye ujasiri. Yeye na afanye majaribio yake kwa betri za tochi, ambazo hufundisha yale yale bila kuua.

Volta ufukweni

Kwa nini kiungo kile kikaharibika ndani ya misimu miwili, wakati viungo kama hicho huko bara hudumu zaidi? Jibu lake ndilo mwanzo wa elimu yote ya umeme unaotiririka. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alipanga vipande vya metali mbili tofauti, kimoja juu ya kingine, na kati yake akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Rundo lake lilitoa mkondo usiokoma, nalo ndilo betri ya kwanza. Katika betri ya namna hiyo, metali moja huliwa ili umeme upatikane.

Alumini na shaba vikikutana katika umande wa bahari, vinafanya betri ya Volta bila kuombwa. Kati yao mna takriban nusu volti, na kwa kuwa tayari zimegusana, mkondo wake mdogo huzunguka papo hapo usiku na mchana. Anayeliwa ni alumini. Juu ya hayo, alumini hujifunika kwa muda mfupi sana kwa utando wa oksidi, na utando huo hauupitishi umeme hata kidogo. Hivyo mahali pa mguso huzidi kupungua, ukinzani huzidi, kiungo hupata joto, hutanuka na kusinyaa, hulegea, na chumvi mpya huingia.

Mwanafunzi yeyote wa Tanga aweza kuiona betri hiyo kwa bilauri nne za maji ya bahari. Katika kila bilauri atie kipande cha zinki, ambacho hupatikana kwa kukata ganda la betri kuukuu ya tochi ya aina ya kawaida na kulisafisha, pamoja na kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa. Mita itaonyesha karibu robo tatu ya volti kwa bilauri moja. Zikiunganishwa nne kwa mfuatano, zinki ya moja kwa shaba ya nyingine, mita itaonyesha karibu volti 3, zinazotosha, kwa kuangalia namba, kuwasha balbu ya tochi. Balbu haitawaka. Mwanafunzi aache mita ikiwa imeunganishwa na atazame tena: mara balbu inapowekwa, zile volti 3 huanguka mpaka sehemu ndogo. Ukinzani uliomo ndani ya bilauri zenyewe umezila, kama kiungo kilivyozila volti za friza. Taa ndogo nyekundu ya LED, inayoridhika na mkondo mdogo, huenda ikang'aa kwa betri hiyo hiyo. Jaribio hili halina gharama, na linastahili kufanywa kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kusema kwamba chombo fulani "kina volti tatu".

Mikondo isiyokatwa

Amita ya kukata njia haifai kila mahali. Hakuna anayekata waya wa kiwanda ili aupime. Kwa hiyo mafundi hutumia mita ya kubana, yenye taya mbili za chuma zinazouzunguka waya bila kuugusa ndani. Inasoma sumaku ile ile iliyoigeuza dira ya Ørsted. Lazima ibane waya mmoja tu. Akibana laivu na nyutro pamoja, mkondo uendao na urudio hufutana, na mita husoma sifuri katika mashine inayounguruma mbele yake.

Katika vituo vikubwa kazi hiyo hufanywa na transfoma za vipimo, ambazo hushusha, kwa mfano, ampea 400 kuwa 5, na volti 33,000 kuwa 110, ili mita ndogo ya mezani iweze kuzisoma. Hapa sharti la fundi hugeuka: saketi ya upande wa amita wa transfoma hiyo isikatwe kamwe wakati mkondo unapita, kwa kuwa volti za kuua huibuka kwenye mkato.

Tangu mwaka 2010 umeme wa Tanga umevuka bahari hadi Pemba kwa kebo ya chini ya maji ya kilovolti 33, yenye urefu wa kilomita 78, na kukipumzisha kisiwa kutegemea jenereta za dizeli. Kebo hiyo nayo hutii hesabu ya kibandani. Kupeleka megawati 10 kwa kilovolti 33 katika nyaya tatu huhitaji ampea zipatazo 175 katika kila waya. Megawati hizo hizo kwa volti 400 zingehitaji ampea zaidi ya 14,400, na joto linalopotea katika waya wa ukinzani ule ule lingezidi mara 6,800 hivi. Hakuna kebo ambayo ingelibeba.

Katika kibanda cha mama muuza samaki, fundi alirudi siku ya tatu akiwa na mita ya kubana. Aliomba friza irudishwe, akaichomeka, akasikiliza mvumo, akasoma ampea 6 na volti 170. Alizima swichi kuu, akapanda ngazi upenuni, na kukuta utepe umegeuka rangi ya kahawia na makuti yaliyougusa yameanza kuwa meusi. Kipande cha alumini kilitolewa chote, ukavutwa waya wa shaba usio na kiungo kutoka bodini hadi soketini. Swichi ilipowashwa, mkondo wa kuanza ulipanda hadi ampea 8, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuuzuia, volti zikashuka hadi 226 kwa kupepesa jicho, kisha sindano ikatulia kwenye ampea 1.

"Na ile kompresa mpya?" mama akauliza.

"Irudishe fedha yako kibindoni, mama," fundi akajibu. "Nidai mimi gharama ya kuwabebesha vijana friza."